Safari moja au mbili kwa mwaka, daraja la kawaida: maili ziwekwe kwenye mpango upi?

Swali la msomaji: Nafanya biashara ndogo ya vyombo vya nyumbani Dar es Salaam. Kila mwaka naenda Guangzhou mara moja kufuata mzigo, na kila baada ya miaka miwili hivi naenda Birmingham kwa mdogo wangu, wakati mwingine na mwanangu wa miaka 9. Nakata tiketi ya bei ya chini kabisa, daraja la kawaida. Nimeshapanda Ethiopian, Turkish, Qatar, Emirates na KLM. Kila shirika linanihimiza nijiunge na mpango wake wa maili, yaani pointi anazokusanya abiria ili baadaye apate tiketi ya zawadi. Nijiunge na upi, au niachane nayo yote?

Jibu: Usiachane nayo, ila usijiunge na kila mpango unaotajiwa kaunta. Kwa safari ulizozieleza, ndugu yangu, akaunti yako kuu iwe Aeroplan ya Air Canada, hata kama hutapanda ndege ya Air Canada maisha yako yote. Humo utaingiza safari za Ethiopian, Turkish na Emirates kwa pamoja. Safari za Qatar ziingie Privilege Club ya Qatar wenyewe. Safari za KLM, kwa kuwa Birmingham unaenda kwa nadra, ziingie Flying Club ya Virgin Atlantic badala ya Flying Blue ya KLM. Akaunti hizo tatu ni bure na zinakutosha. Tiketi uendelee kuichagua kwa bei, kwa saa za kusubiri njiani na kwa kilo za mzigo. Maili zije baada ya hayo.

Najua ushauri huu unaonekana wa ajabu. Kwa nini umpe Mkanada safari ya Addis Ababa? Sababu zipo, na ukizielewa utaweza kubadilisha uamuzi mwenyewe siku njia zako zikibadilika.

Tuanze na thamani, maana hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Kwa anayekaa daraja la kawaida, naihesabu maili moja kuwa senti moja ya dola ya Marekani, nayo ni pale unapoitumia vizuri. Maili 10,000 ni kama dola 100. Maili 3,000 ni dola 30. Sasa chukua tiketi mbili za Guangzhou, moja dola 800 na nyingine dola 880. Ya pili ikikuzidishia maili 4,000 umepata dola 40 za baadaye kwa kulipa dola 80 za leo. Hiyo ni hasara, hata tangazo likisemaje. Kwa mfanyabiashara kuna jambo lingine zito zaidi: begi la pili. Ethiopian kwa njia zake nyingi za kimataifa hutoa mabegi mawili ya kilo 23 kwa daraja la kawaida, wakati baadhi ya nauli za chini za mashirika mengine hutoa moja tu. Begi la ziada linaponunuliwa uwanjani hula thamani ya maili za safari kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo linganisha nauli pamoja na mzigo utakaorudi nao, siyo nauli tupu.

Maili zinakufa lini?

Hili ndilo swali la kwanza kwa msafiri wa nadra, na ndilo ambalo halijibiwi kaunta. Mipango imegawanyika mafungu matatu.

Fungu la kwanza, kila maili ina umri wake. ShebaMiles ya Ethiopian, Miles&Smiles ya Turkish na Skywards ya Emirates ziko humu, na umri ni miaka mitatu hivi. Skywards huhesabu hadi mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa katika mwaka wa tatu. Ukisafiri tena, maili mpya zinaingia, lakini za zamani zinaendelea kuelekea kufa kwa tarehe yake ileile.

Fungu la pili, akaunti nzima ina saa moja, na saa hiyo huanza upya kila unapoingiza maili za safari. Avios, yaani pointi za Qatar na British Airways, hufa baada ya miezi 36 ya ukimya. Flying Blue ni miezi 24. Aeroplan ni miezi 18.

Fungu la tatu, hazifi. MileagePlus ya United iliondoa tarehe ya mwisho mwaka 2019. SkyMiles ya Delta na Flying Club ya Virgin Atlantic nazo hazina tarehe.

Umuhimu wa mgawanyo huu unaonekana ukipiga hesabu. Dar–Addis Ababa ni maili 1,100 hivi za angani, na Addis Ababa–Guangzhou ni kama 5,000. Kwenda na kurudi ni maili 12,200. Tuseme tiketi yako ya bei ya chini inakupa nusu yake, yaani 6,100. Kwenye mpango wa umri wa miaka mitatu, kwa safari moja kwa mwaka, hutawahi kuona salio linalozidi 18,300, kwa sababu zinapoingia za mwaka wa nne, za mwaka wa kwanza zinafutwa. Hiyo ndiyo dari yako. Zawadi unayoitaka ikigharimu 20,000, hutaifikia kamwe, hata ukisafiri miaka ishirini. Ikigharimu 15,000, unaifikia mwaka wa tatu, basi ShebaMiles inakufaa kuliko kwingine.

Upande wa pili wa mizani ni kwamba mpango wa shirika lenyewe mara nyingi huzipa tiketi zake za bei ya chini asilimia kubwa kuliko mpango wa shirika rafiki, yaani lenye makubaliano nalo. Tuseme tiketi ileile ikiingizwa kwa rafiki inakupa robo tu, maili 3,050. Itakuchukua miaka sita kufika 18,300, ila baada ya hapo salio linaendelea kupanda, wala hakuna dari. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: zawadi ya kwanza ninayoihitaji inagharimu maili ngapi, na je, iko chini ya dari yangu ya miaka mitatu? Ikiwa chini, baki na mpango wa shirika unalolipanda. Ikiwa juu, nenda fungu la pili au la tatu.

Kwako, safari ya kila mwaka ya Guangzhou huamsha saa ya Aeroplan kabla ya miezi 18 kufika. Ndiyo maana nimeiweka mbele. Ukihisi mwaka mmoja unaweza kupita bila safari, kama ilivyokuwa mwaka 2020 viwanja vilipofungwa, chagua MileagePlus ya United badala yake. Zote mbili ziko Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, pamoja na Ethiopian, iliyoingia mwaka 2011, na Turkish, iliyoingia mwaka 2008. Aeroplan inaizidi United kwa jambo moja linalokuhusu: ina makubaliano na Emirates, shirika lisilokuwa kwenye muungano wowote. Bila hivyo, safari ya Emirates ingekulazimu ufungue Skywards na kuacha vimaili vichache vikizeeka humo.

Kwa KLM hesabu inageuka. Flying Blue ni mpango mzuri kwa anayepanda kila mwaka, lakini wewe unaenda Birmingham kila baada ya miaka miwili hivi, na saa yake ni miezi 24. Ukichelewa mwezi mmoja tu, salio linafutwa. Virgin Atlantic iliingia SkyTeam, muungano wa KLM, Machi 2023, inapokea safari za KLM, na pointi zake zinakusubiri. Siku ukianza kwenda Guangzhou kwa Kenya Airways, ambayo nayo iko SkyTeam, hoja hii inabadilika, kwa sababu safari ya kila mwaka itaihuisha Flying Blue.

Qatar haina tatizo hilo. Miezi 36 inatosha safari ya miaka miwili kwa nafasi. Tena Avios unaweza kuzihamisha bure kati ya Qatar, British Airways, Iberia na Finnair, ukishaunganisha akaunti. Oman Air nayo iliingia oneworld, muungano wa Qatar, katikati ya 2025, kwa hiyo ukipita Muscat una sehemu ya kuziweka.

Herufi moja inayoamua kila kitu

Fungua tiketi ya kielektroniki uliyotumiwa na wakala. Kando ya neno la daraja kuna herufi moja: Y, M, Q, T, U, O na kadhalika. Ndani ya daraja la kawaida kuna herufi zaidi ya kumi, na kila moja ni kapu la bei. Anayekaa kiti cha kushoto kwako anaweza kuwa kwenye Y na kupata maili zote, wewe uko kwenye herufi ya chini na unapata robo, na wa kulia kwako hapati hata moja. Chakula ni kilekile, kiti ni kilekile.

Herufi hizo hazina maana moja duniani. Q ya Ethiopian siyo Q ya KLM. Ndiyo maana hatua ya kukagua haikwepeki. Kabla ya kulipa, mwulize wakala herufi ya kila kipande cha safari, siyo cha kwanza tu, kwa sababu Dar–Addis Ababa inaweza kuwa herufi moja na Addis Ababa–Guangzhou nyingine. Kisha nenda kwenye tovuti ya mpango unaotaka kuweka maili, tafuta ukurasa wa mashirika rafiki, fungua jina la shirika unalopanda, usome asilimia ya herufi yako. Tovuti ya wheretocredit.com inakusaidia kulinganisha mipango yote kwa mara moja: unaandika shirika na herufi, inakupa orodha. Itumie kuchuja, halafu uthibitishe kwenye ukurasa rasmi, maana jedwali hubadilishwa.

Ukikuta asilimia ni sifuri kwa Aeroplan, angalia United. Nayo ikiwa sifuri, ingiza safari hiyo kwenye mpango wa shirika lenyewe. Maili chache zenye umri ni bora kuliko sifuri.

Si kila mpango unahesabu kwa umbali. Flying Blue tangu Aprili 2018 huhesabu kwa pesa: mwanachama wa ngazi ya chini hupata maili 4 kwa kila euro ya nauli. Neno la kuangalia hapo ni nauli. Kodi za serikali na za viwanja hazihesabiwi. Tiketi ya euro 750 yenye kodi za euro 200 inakupa 550 mara 4, yaani maili 2,200, ambazo kwa kipimo chetu ni dola 22. Ukiiweka tiketi hiyohiyo kwenye mpango unaohesabu umbali, Dar–Amsterdam pekee ni maili 4,500 na zaidi kwa kwenda tu, kwa hiyo hata robo yake kwa safari nzima inakaribia au kuzidi hizo 2,200. Anayenunua tiketi ya bei ya chini kwa safari ndefu, hesabu ya umbali ndiyo rafiki yake. Anayenunua tiketi ghali kwa safari fupi, hesabu ya pesa.

Jihadhari na nauli za kundi. Baadhi ya mawakala hununua viti kwa jumla na kuviuza kimoja kimoja kwa bei ya kuvutia, hasa wakati wa maonyesho ya bidhaa ya Canton ambayo hufanyika Guangzhou kila Aprili na Oktoba. Tiketi hizo mara nyingi hazina maili kwa mpango wowote, na kubadilisha tarehe ni shida. Zikiwa na bei nzuri kweli, nunua. Lakini usije kudai maili baadaye ukadhani umeonewa.

Tiketi ya zawadi ina gharama zake

Hapa ndipo furaha ya wengi hukatika. Umekusanya, umefika, unaomba tiketi ya bure, na skrini inakuandikia ulipe dola 300. Pesa hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni kodi za kweli za serikali na viwanja, ambazo mpango wowote ule utakutoza. Uingereza ndiyo nzito: kila anayeondoka huko kuja Tanzania kwa daraja la kawaida hulipa ushuru wa abiria, ambao kwa safari za kuanzia Aprili 1, 2026 ni pauni 102. Mwanao wa miaka 9 hahusiki; wenye umri chini ya miaka 16 katika daraja la kawaida wamesamehewa. Ukiona ameandikiwa ushuru huo, umri wake umeingizwa vibaya, rekebisha kabla ya kulipa.

Ya pili ni tozo za shirika lenyewe, zinazoonekana kwenye mchanganuo wa tiketi kwa alama YQ au YR. Hizo hazina serikali nyuma yake. Mipango mingine huzipitisha zote kwa mwenye tiketi ya zawadi. United haizitozi. Aeroplan iliziondoa mwaka 2020, inabaki na ada ya dola 39 za Kanada kwa tiketi ya shirika rafiki. Virgin Atlantic huzitoza, na huo ndio udhaifu wake mkubwa. Ukifika huko, linganisha kwanza na bei ya tiketi ya pesa. Fanya hesabu hii kila mara: bei ya tiketi ya pesa, toa unacholipa kwa tiketi ya zawadi, gawa kwa idadi ya maili. Ikitoka chini ya senti 0.7 kwa maili, lipa pesa na uzihifadhi maili, isipokuwa ziko karibu kufa.

Kuna mtego mwingine wa tiketi ya zawadi ya upande mmoja. Ukiwa na maili za kwenda tu, utanunua kurudi kwa pesa, na mashirika mengi ya safari ndefu huuza upande mmoja kwa bei inayokaribia kwenda na kurudi. Unaweza kutumia maili zako zote na bado ukalipa karibu sawa na mwanzo. Angalia bei hiyo kabla hujabonyeza. Njia ya kutoka ni kutumia maili pande zote mbili, hata kwa mipango miwili tofauti, au kuzitumia kwa safari fupi ya kanda ambayo bei yake ya upande mmoja haina hila hiyo.

Na viti vya zawadi si vyote vilivyo wazi. Mashirika hufungua idadi ndogo, kuanzia miezi 11 hivi kabla ya safari, na Agosti na Desemba za Uingereza huisha mapema. Wewe unayefuata mzigo una unafuu, kwa sababu tarehe zako zinaweza kusogea. Kabla hujaamua mpango mkuu, jiunge, ingia, utafute Dar–Guangzhou na Dar–London kwa tarehe tatu tofauti, moja ya Februari, moja ya Mei, moja ya Agosti. Andika maili na pesa zinazodaiwa. Dakika ishirini za kutafuta hivyo zinakupa picha halisi kuliko kurasa zote za matangazo.

Kama safari za Emirates zitakuwa nyingi kuliko nilivyodhani, Skywards ina kitu kimoja kinachomfaa msafiri mdogo: unaweza kutumia kuanzia maili 2,000 kupunguza bei ya tiketi ya pesa. Punguzo ni dogo, lakini maili hazifii mkononi. Kupandishwa daraja kwa maili, kwa upande mwingine, sahau. Nauli za chini kabisa mara nyingi haziruhusiwi.

Ngazi za uanachama, za fedha (Silver) na dhahabu, nazo zipite tu. Silver ya Emirates inadai maili 25,000 za kupandia ngazi ndani ya mwaka. Silver ya Flying Blue inadai alama 100, na safari nzima ya Dar–Amsterdam–Birmingham kwenda na kurudi kwa daraja la kawaida inakupa 30: kumi kwa kila kipande kirefu, tano kwa kila kifupi. Utahitaji safari nne ndani ya miezi 12. Anayekushawishi ulipe zaidi ili "ufukuzie ngazi" anakuuzia kitu usichoweza kukifikia.

Mtoto

Mfungulie mwanao akaunti yake; mtoto mwenye kiti chake hupata maili kama mtu mzima. Kisha ziunganishe. Aeroplan inaruhusu familia ya hadi watu 8 kuchanganya pointi bila malipo, Flying Blue nayo hadi 8, na Emirates ina utaratibu kama huo. Maili za mtoto zikikaa peke yake hazifikii chochote. Soma masharti ya kutoka kwenye kundi kabla ya kuingia, kwa sababu pointi zikishachanganywa haziwi rahisi kutenganishwa.

Namna ya kufanya, na panapoharibika

Fungua akaunti kabla ya kukata tiketi. Tumia barua pepe yako mwenyewe na namba yako ya simu. Wapo mawakala wanaowafungulia wateja kwa barua pepe ya ofisi. Siku wakala akifunga duka, au ukimhama, huwezi tena kubadilisha nywila wala kuthibitisha kuwa maili ni zako.

Jina liwe lilelile la pasipoti. Hapa Watanzania tunaumia sana, kwa sababu ya majina matatu. Pasipoti ina sehemu ya jina la ukoo na sehemu ya majina mengine. Ukijisajili kwa jina lako na la baba, halafu tiketi ikatoka na lako na la ukoo, mfumo haukutambui na maili haziingii. Fungua pasipoti, nakili sehemu ya ukoo kwenye nafasi ya ukoo na zilizobaki kwenye nafasi yake, herufi kwa herufi. Usisahihishe tahajia hata kama pasipoti yenyewe imekosea. Kama imekosea, irekebishwe Uhamiaji kwanza.

Namba ya uanachama mpe wakala pamoja na jina la mpango, kwa sababu namba tupu inaweza kuwekwa kwenye mpango wa shirika unalopanda bila kukuuliza. Tiketi ikitoka, angalia kama namba imo. Kaunta ya uwanjani, kabla ya kukabidhiwa kadi ya kupandia ndege, hakikisha tena, kwani kadi huandikwa jina la mpango kwa kifupi na namba yake. Ukikuta ni ya mpango mwingine, omba ibadilishwe hapohapo, na uangalie vipande vyote viwili vya safari. Safari ikishaingia mpango mmoja haihamishiki kwenda mwingine.

Piga picha kadi za kupandia ndege, zote, na uzihifadhi pamoja na tiketi hadi maili zionekane. Kwa shirika lenyewe huchukua siku chache; kwa shirika rafiki subiri hata wiki mbili au tatu. Zisipoonekana, ingia kwenye akaunti, tafuta sehemu ya kudai maili zilizokosekana, ujaze tarehe, namba ya ndege, herufi ya kapu na namba ya tiketi. Namba ya tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinakuonyesha ni nani aliyeitoa: 071 ni Ethiopian, 235 Turkish, 157 Qatar, 176 Emirates, 074 KLM, 706 Kenya Airways. Usiichanganye na ile namba ya nafasi yenye herufi na tarakimu sita. Hiyo peke yake haitoshi. Mipango mingi huweka ukomo wa miezi 6 tangu safari, na baada ya hapo hakuna rufaa.

Ndege yenye namba ya shirika moja lakini inarushwa na jingine huleta utata. Tiketi inaweza kuandikwa namba ya KLM na ukapanda ndege ya Kenya Airways. Baadhi ya mipango hutazama namba iliyoandikwa, mingine hutazama mwenye ndege, na asilimia hutofautiana. Kwenye fomu ya madai andika namba zote mbili.

Shirika likikuhamishia ndege nyingine kwa sababu ya hitilafu au kuchelewa, tiketi mpya hutoka na herufi maalumu ambayo mara nyingi haina maili. Una haki ya kudai maili za tiketi uliyonunua mwanzoni. Ambatanisha tiketi ya kwanza, siyo ya pili.

Kununua maili kwenye tovuti ya shirika hakukufai, isipokuwa umepungukiwa na chache kukamilisha tiketi ambayo umeshaiona iko wazi. Kwa kawaida zinauzwa kwa zaidi ya ile senti moja. Na wale wanaouza tiketi za bei nusu mitandaoni, wakisema wanatumia maili zao, wakatae. Masharti ya mipango yanakataza kuuza maili, na shirika likigundua hufuta tiketi hata ukiwa tayari uko njiani. Ujumbe wa simu unaosema maili zako zinaisha leo na kukupa kiungo cha kubonyeza nao usiufungue. Andika anwani ya shirika mwenyewe kwenye kivinjari, uingie, na uone tarehe ya kweli.